Jinsi Ndelilio Mpima Kahawa Alivyochagua Uzi wa Kambare

Tegeni masikio, enyi watu wa Machame, nanyi mlioteremkia Moshi mjini mkajifanya mmesahau njia ya kurudi. Wekeni vikombe chini, zimeni redio, mkalie chochote kilichopo. Nawasimulia tendo kuu la mwaka ule tuliopanga foleni ya sabuni, tendo lililomtoa shujaa jasho kwa wiki nzima, likatikisa benchi moja la kanisa na kumfunga kuku mmoja. Nasimulia mimi, kwa kuwa wanaume wa hapa hulikuza kila mwaka, nami nimechoka kuwasikiliza.

Shujaa aliitwa Ndelilio, Mpima Kahawa, Bwana wa Mizani, Simba wa Benchi la Mbele. Miaka ishirini alisimama kwenye ghala la kahawa akiutazama mshale wa mizani, na kwa kuwa mshale ulimtii, alidhani na dunia yote inamtii. Ni yeye aliyeamuru kwamba mwenye kuvaa katambuga, vile viatu vya tairi, asisogee benchi la mbele, maana vinachafua sakafu. Samaki hakuwahi kumshika ila yule wa kopo.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, pale nje ya kanisa zinaponadiwa sadaka za mavuno, Yuditha, mjane wa jirani avaaye katambuga, alileta kuku mwekundu aliyefungwa mguu kwa ganda kavu la mgomba. Ganda likakatika, kuku akapita mbio katikati ya miguu ya wazee, na fimbo ya Ndelilio ikaanguka. Shujaa akaiokota, akasimama, akahutubia.

"Enyi waumini, hata lini tutamtolea Bwana kuku wanaoletwa na katambuga? Jumapili ijayo mimi Ndelilio nitaleta kambare mwenye urefu wa mguu wangu, niliyemvua kwa mkono huu. Nisipotoa kitu kipya kikanunuliwa hapa, benchi la mbele nimeliacha mpaka nife."

"Tumesikia, meku," akasema Elisaria, mnadi wa kanisa, akimwita kwa jina la heshima la wazee. "Ila sheria unaijua. Kisichonunuliwa hakijatolewa."

Yuditha alikuwa bado anamfukuza kuku wake.

Jumatatu jemadari akashuka Moshi kutafuta silaha. Aliyapita maduka kama mkuu wa majeshi akaguaye gwaride, na gwaride lenyewe lilikuwa rafu tupu. Muuza duka mmoja akamwambia kwamba nailoni ya kuvulia aliiona mara ya mwisho mwaka juzi, akamshauri achukue chumvi. Shujaa akarudi nyumbani kufungua ghala lake la vita, na humo akakuta wapiganaji wawili: uzi wa kushonea magunia ya kahawa, na kamba ya katani ya mtamba wake.

Hapo ndipo akili ya mizani ilipong'aa. Akatundika mkungu wa ndizi mshare kwenye boriti kwa ule uzi, ukaning'inia toka asubuhi hadi adhuhuri usikatike. Kisha akatundika mkungu kwa kamba, akaidandia na yeye mwenyewe kwa mikono miwili, miguu ikielea, koti la ibada likipanda mabegani. Eliaichi mkewe akauliza kama kambare ana uzito wa mkungu na mume. Akajibiwa kwamba wanawake hawaelewi mizani. Basi kamba ikatawazwa kuwa Amiri Jeshi, na uzi wa magunia ukawa msaidizi wake.

Ijumaa akapanda basi hadi mashamba ya miwa, kule tambarare kwenye mifereji yenye kambare, nyumbani kwa Crispin, aliyewahi kumbebea magunia ghalani. Alimkuta mlangoni akichonga katambuga kutoka tairi kuukuu la lori. Crispin akamwamkia shikamoo, akampa ndoana. Anyesi mkewe, mwanamke aliyekulia kando ya ziwa, akaitazama kamba ya ng'ombe, akainama haraka kupuliza moto usiohitaji kupulizwa.

Vita vya kwanza vikaanza: kamba dhidi ya tundu la ndoana. Shujaa aliilamba, akaisokota, akaichonga ncha kwa kisu, akailaani kwa Kichagga. Kamba iliyombeba mtu mzima ikashindwa na tundu lisilomtosha siafu. Uzi wa magunia ulipita mara moja, na Ndelilio akacheka kwa dharau, kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Anyesi akauchukua, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaufunga kwenye mchi, akaurusha juu na kuuvuta kwa ghafla. Uzi ukakatika. Mchi ukamwangukia shujaa kwenye kidole gumba.

"Baba, mkungu hautapatapi," akasema Anyesi. "Kambare anatapatapa, tena ndani ya maji."

Kisha akaokota takataka za tairi miguuni pa mumewe, akachomoa nyuzi za nailoni, akasokota tatu kwa pamoja juu ya paja, akampa. Ndelilio akarudisha mkono nyuma. Akatangaza kwamba yeye hakuzaliwa kuvua kwa masalia ya katambuga, kwamba kuna heshima na kuna tairi. Wenyeji wakamwacha aseme hadi akaishiwa. Akakitazama kidole chake kilichovimba, akalifikiria benchi, akauona akilini mgongo wa Yuditha umelikalia. Akatia uzi majini, akafunga mchi, akauvuta mara tatu kwa hasira ya kweli. Ukashika.

"Nachagua huu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Jumamosi kambare akanasa kwenye chambo cha utumbo wa kuku. Uzi ulimchana shujaa viganja, Crispin akamshikilia mkanda asiingie mferejini, na yule mwenye ndevu akatoka. Akapanda Machame yu hai ndani ya gunia lililoloweshwa.

Jumapili Elisaria akamwinua kambare mbele ya watu. Kina mama wakarudi nyuma, na mmoja akauliza tangu lini nyoka akawa na masharubu. Elisaria akanadi mara moja. Akanadi mara ya pili. Hakuna aliyeinua mkono, na Ndelilio akaanza kujipapasa akitafuta kofia ya kuondokea.

Ndipo kambare akajipiga kwa nguvu zake zote, akining'inia kwenye uzi uliobaki mdomoni, na uzi usikatike. Macho ya watu yakahama kutoka kwenye samaki.

"Uzi huu wa duka gani, meku?" akauliza Elisaria.

"Si wa duka." Shujaa akaacha kuitafuta kofia. "Umetoka kwenye tairi la katambuga."

Yuditha akasogea mbele na zake miguuni.

"Mayai sita," akasema. "Uzi peke yake."

Hakuna aliyezidisha, na Elisaria akatangaza kwamba kitu kipya kimetolewa na kimenunuliwa. Yuditha akaufungua uzi, akainama, akamfunga nao mguu kuku wake wa sadaka ya siku ile. Kuku akavuta, akavuta tena, akaketi.

Iandikwe basi, na wajukuu wasomewe: katika mwaka wa foleni Ndelilio Mpima Kahawa alichagua uzi, na uzi ukashika mchi, ukashika kambare, ukashika kuku. Samaki alirudi nyumbani kwenye gunia lake. Shujaa yupo benchi la mbele hadi leo, kwa hisani ya mayai sita, na Yuditha hukaa kando yake na katambuga zake.