Nishushe Pale Kwenye Kona

Redio ya Kinyozi ilikuwa imetangaza kwamba ubongo wa kijana haukomai mpaka afike miaka ishirini na mitano, na benchi la nje ya saluni likachemka.

"Kumbe nilioa bado mbichi," alisema Spika, dalali wa nyumba aliyebandikwa jina hilo kwa kutompisha mtu azungumze.

"Mkeo analijua hilo siku nyingi," Kinyozi akamjibu.

Pancha, fundi wa matairi, hakucheka. Aliwaeleza wenzake kinachomsumbua. Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyezoea kumsimulia mpaka ndoto, siku hizi hujibu "sawa" na "sijui" tu. Leo asubuhi, akipelekwa shule nyuma ya pikipiki, alimwambia: "Baba, nishushe pale kwenye kona. Usifike getini."

"Anakuonea haya, na grisi zako hizo," Spika alisema. "Umemdekeza. Samaki mkunje angali mbichi. Mwanangu mimi nikikohoa tu, anasimama wima."

"Huyo alikuja juzi nimnyoe ndevu," Kinyozi alisema.

"Ndevu gani? Ana miaka kumi na mitatu."

"Nami nilizitafuta. Nikapitisha mashine hewani, akajipaka spiriti kidevuni, akaondoka anatembea kama baba mwenye nyumba."

Spika akapapasa kidevu chake mwenyewe.

Bi Vocha, aliyeuza muda wa maongezi chini ya mwavuli pembeni yao, alijifuta machozi ya kicheko, akamgeukia Pancha. "Mzazi mwenzangu, binti yako anajivua utoto kama nyoka gamba, lazima mwili umwashe. Ulimuuliza sababu?"

Pancha hakuuliza. Aliogopa jibu.

Mara binti akatokea na wenzake, wametoka shule. Pancha akajibanza nyuma ya mwavuli asimtie aibu. Binti akavuka barabara.

"Shikamooni. Baba, mbona unajificha?"

"Si unanionea haya?"

"Wewe unaimba ukiendesha, baba. Darasa zima linasikia."

"Ni nyimbo tu?"

"Nyimbo tu. Ukinyamaza, nifikishe hata mlangoni." Akawakimbilia wenzake.

Pancha aliwageukia jamaa zake, uso umekunjuka. "Kwani mimi naimba vibaya?"

Hakungoja jibu. Akasafisha koo, akafumba macho, akaachia sauti. Ubeti haujafika katikati, Spika alikumbuka ana mgeni nyumbani, Bi Vocha akakunja mwavuli jua likiwaka, na Kinyozi akaingia ndani akawasha mashine, kitini hakuna mteja.