Maji Niliyoyaona Shambani kwa Mama Chebet

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya akina mama kumi na wawili.

Kazi yangu ni kupima ardhi kabla ya kisima kuchimbwa. Tunapitisha umeme kidogo ardhini. Ukipita kwa urahisi, huenda kuna maji. (Huenda! Neno hilo nililisahau.) Kikundi cha Mama Chebet, huku Keringet, kina uwezo wa kuchimba shimo moja tu. Likikosa maji, wanarudi kubeba mitungi kutoka mtoni.

Wiki iliyopita, ofisini Nakuru, nilitazama mchoro wa vipimo nikaona doa moja nono, umeme umepita hapo kwa urahisi sana. Nikapiga meza. "Hapa! Maji tele!" Wenzangu watatu wakakubali. Nikajiona bingwa.

Leo nimefika na kigingi changu chekundu, nikakipigilia. Mama Chebet, mwenyekiti wa kikundi, akakitazama. Akanitazama.

"Madam, hapo ni dip ya kuogeshea ng'ombe ya yule mzungu aliyekuwa na shamba hili zamani. Sisi wenyewe ndio tulioifukia."

"Mathe, mashine haidanganyi." (Nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Mama Chebet aliitisha jembe. Mapigo manne tu, ngaa! Bomba la chuma. Likafuata lingine. Kisha mabati! Kumbe umeme wangu ulikuwa ukijipitia kwenye vyuma. Akina mama walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Haya madam, kunywa!" wakanitania.

Nilitamani ardhi inimeze (isingeweza, ilikuwa imejaa mabati). Wambui, mmoja wa wale wenzangu watatu, akanivuta kando.

"Mimi niliona tofauti, lakini wewe ulikuwa ushaongea."

Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Basi tukaanza upya. Kwanza tulimwomba Mama Chebet atuonyeshe kila kitu kilichozikwa shambani. Kisha mimi, Wambui na wale wawili wa ofisini, kwa simu, tukasoma vipimo tena, kila mtu peke yake, bila kuchungulia. Watatu walichagua mahali karibu na ua wa chini. Wa nne alikuwa mbali kidogo (msiulize ni nani).

"Hapo kwa fence?" Mama Chebet akashangaa. "Hapo nyasi haikaukangi hata January!"

Jamani, nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Na yeye akanikumbatia, bado anacheka.

Mashine ya kuchimba inakuja Ijumaa. Safari hii nina matumaini ya kweli. Ila kuanzia kesho, kwenye kila mkutano, wenzangu wameniamuru niongee wa mwisho. Mnaonijua, niombeeni.