Bendera ya Saa Nane

Leo nimepata haya ya kunitosha mpaka siku ya diplome. Nimepiga filimbi ya bendera saa nane ya muchana, na bendera yenyewe ilikuwa juu tangu asubui. (Musianze kucheka. Bado.)

Kwa benye hawaishi Butembo: mbele ya bureau ya commune polisi anapiga filimbi bendera ikipanda asubui, na tena ikishuka saa kumi na mbili. Kila mara anapiga mbili. Filimbi ya kwanza: simama. Motard wa pikipiki, mama wa soko, padri, mulevi, bote. Filimbi ya pili: endelea na maisha yako. Ukitikisika katikati, utajieleza vizuri.

Donc. Nyumbani tuko na kilio tangu juzi. Mujomba Mumbere, kaka mukubwa wa mama, batu ba bunduki bamemumaliza mu shamba lake la kakao kule Mabalako. Alikuwa amerithi kiti cha babu, mwami, chifu wa kilima chao. Musifikiri mwami wa taji! Kiti kimoja cha mti, fimbo moja, na ngozi ya chui yenye panya walikula mukia. Mais ku kile kilima, mwami akikufa, majembe yote yanalala chini. Hakuna mutu analima, hakuna mutu anapaza sauti, mpaka azikwe.

Sasa kilima kizima kimekimbia. Bamoja bako Beni, bamoja hapa kwetu. Hata kumuzika kule hapana, njia ni mbaya, maiti imefika tu mpaka Beni. Jana mama alikuwa anarudia neno moja tu, anajitikisa ku mukeka: "Kaka yangu ataenda kama mbwa wa njia. Hata jembe moja halitalala. Nani atamusimamia?"

Mimi sikulia. Munanijua. Hata Ijumaa Kuu, wakati batu banabusu musalaba, kicheko kinanitafuta mimi peke yangu.

Asubui mama akapanda pick-up kwenda Beni, kuchukua maiti ku morgue. Balisema batarudi saa kumi. Mimi bakanituma paroisse kuomba mabenchi, na Mamzele Karin akanifuata. Mamzele Karin ni volontaire, ametoka Ulaya, anatufundisha Kiingereza. Mbele ya kuja hapa alifundisha miaka mbili Tailande. Iko na kikaratasi cha kuandikia desturi zetu, maana kule Tailande aliumbuka. Siku ya kuzaliwa ya mfalme batu bote mutaani balisimama kwa wimbo wake, Mamzele akaendelea kutembea na ndizi mu kinywa! Bibi mumoja muuza supu akamushika mukono polepole, akamusimamisha. Mamzele anasema ile mukono inamuunguza mpaka leo.

"Kasereka," akaniuliza, "kwenye kilio nitafanya nini? Nisije nikakosea."

"Utakaa chini na bamama. Bakilia, inamisha kichwa. Chakula wakikupa, kula."

Akaandika. Kisha akasema: "Nyinyi na batu ba Tailande munafanana. Bao banasimamia mfalme, nyinyi munasimamia bendera."

"Hapana, Mamzele. Bao banasimama juu ya mapendo. Sisi tunasimama juu ya fimbo ya polisi."

Akacheka, halafu akasema hajawahi kuona barabara nzima ikisimama hapa, kwa sababu zile saa iko darasani.

Bandugu, mimi ni arbitre wa mpira wa classe yetu. Filimbi iko mu mufuko wangu siku zote. Na tangu juzi mukono wangu ulikuwa unaigusa kila saa, nikafikiri ni mchezo unatafuta njia ya kutoka. (Haikuwa mchezo. Mutaona.)

"Mamzele, unataka uone sasa hivi?"

Nikajificha nyuma ya kibanda cha muuza mikate, karibu na commune. Nikapiga. Fyuuuuuu!

Nyamuhanga, Mungu wetu! Barabara nzima ikakauka! Motard, mguu mumoja chini. Mama mumoja na mukungu wa ndizi ku kichwa, kama picha. Bijana babili balikuwa banashusha chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye kujaa machou, zile kabichi, wakaikamata ku mulima, mishipa ya shingo inje. Na polisi wa commune mwenyewe, beignet, lile andazi, nusu mu kinywa, akapiga saluti! Bendera iko inapepea juu ya kichwa chake, na hakuna mutu hata mumoja aliuliza. Mamzele alisimama mikono chini, kichwa ameinamisha, na roho yake yote, kama kule.

Mimi nilikuwa nahesabu kwa furaha. Mpaka kumi, nilisema, halafu nipige ya pili.

Nikafika sita. Pick-up ikatokea ku kona.

Dereva akaona batu bamesimama, naye akasimama katikati ya barabara. Nyuma kulikuwa sanduku la mti, juu yake kitambaa cheupe na ile fimbo ya mujomba. Na pembeni ya sanduku, mama yangu.

Mama akainua kichwa. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akaona motard, akaona polisi na saluti yake. Akasimama mu gari, akagonga sanduku na kiganja.

"Kaka, angalia! Banakusimamia! Kaka, Butembo yote inakusimamia!"

Hapo batu bakaona sanduku. Motard akavua casque ku kichwa. Yule mama akashusha mukungu wake, akauweka chini mu vumbi, polepole, kama mutu analaza jembe. Hakuna alimuambia.

Nilipaswa kupiga ya pili. Sikuweza. Nikipiga, batu bataenda, na mujomba atabaki peke yake. Bijana ba chukudu wakaanza kunong'ona: "Eh, huyu polisi amesinzia? Mikono inakatika!" Filimbi ilikuwa bado mu kinywa changu. Na kile nilifikiri ni mchezo, sasa ndiyo kikatoka. Nililia. Mais nililia ndani ya filimbi.

Fyu. Fyu-fyu. Fyuuu.

(Hamujasikia aibu kama ile. Kuku mwenye mafua.)

Batu bote bakageuka. Chukudu ikaponyoka, machou yakateremuka mpaka mu mufereji. Polisi akameza beignet.

"Yo! Yaka awa!" Ile ni Lingala, wewe kuja hapa, mais sikio langu lilikuwa limekwisha kufika mukononi mwake. Akanikokota mpaka mbele ya pick-up. "Bendera ya saa nane ni ya inchi gani? Magoti chini!"

"Pardon, chef!"

"Ni mimi nilimuomba!" Mamzele akalia, uso mwekundu. Hakuna alimusikiliza. Batu bakacheka, bengine bakakasirika, wenye machou kushinda bote. Mutu akapiga kelele: "Huyu mupumbavu ni mutoto wa nani?"

Kutoka juu ya gari sauti ikajibu, ndogo:

"Ni wangu."

Kicheko kikakatika. Mama akaniangalia, mimi ku magoti na makamasi, akaangalia barabara, batu bameanza kutembea. Akaelewa kila kitu. Akakaa chini tena karibu na sanduku, akafunika uso na kitenge.

Polisi akaweka filimbi mu mufuko wake. "Kwa sababu ya maiti hii, enda. Ingekuwa siku ingine, ungelala hapa."

Nilikimbia nyuma ya pick-up mpaka nyumbani, naramba vumbi. Muchana wote mama hakunisemesha. Nilipanga mabenchi, nilichota maji mara saba, nilisalimia bazee bote na mikono mbili. Hapana. Mamzele alikaa na bamama, alilia kuliko mimi, hakuandika kitu.

Saa hii, mbele rozari ianze, mama amenipa sahani ya bugali kwa mukono wake. Sikuangalia uso wake. Akasema:

"Kesho asubui utaenda kwa yule polisi, upige magoti, umuombe ile filimbi. Ku kaburi utaipiga mara moja. Ya pili usipige."