Maneno ya Kumwambia Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai
Korogwe. Ijumaa napanda Kwashemshi kwa mama yake Munira, anione kijana anayemtaka binti yake. Munira kanionya: maneno yangu ya mtaani Mbagala, Dar, niyaache stendi. Leo nilimwambia mzee muuza ndizi, "Niaje, mshua!" Akanitazama mpaka nikaona aibu na kununua mkungu mzima. Na ndizi sili! Halafu yupo Isihaka, mwalimu wa Mombo. Naye anamtaka Munira. Yeye ni mtu wa huku, anajua wanavyoongea. Mimi sijui. Nisipojifunza kabla ya Ijumaa nimekwisha.

Jumanne, 15 Julai
Mwanga! Bibi Mwantumu, mwenye nyumba wangu, huniita mume wake na kunilaumu kwamba simnunulii khanga. Leo nimejikaza nikamjibu kwamba mimi nitaoa mwenye meno. Papo hapo jasho likanitoka, nikajua nafungashiwa virago. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniletea bada kwa samaki. Ugali wa muhogo, mtamu ajabu. Kumbe huku ukimsema mtu vibaya ndiyo anakupenda.

Jumatano, 16 Julai
Ushahidi zaidi, sokoni. Jamaa aitwaye Mdoe, Mzigua wa Handeni anayeleta mahindi, alimkuta mama wa Kisambaa anauza maharage. Salamu hakuna. Akamuuliza mbona bado anahema, wakati yeye kaacha shamba kuja kumzika. Akajichotea maharage, bure! Mama akasema Wazigua hawajawahi kufunzwa adabu. Halafu wakashikana mikono, wakaulizana hali za watoto. Nikamfuata Mdoe anieleze. Akasema Wazigua na Wasambaa ni watani tangu enzi za mababu, ila utani una wenyewe na... Sikumsubiri amalize. Nilikuwa na haraka ya kwenda kufanya mazoezi.

Ijumaa, 18 Julai
Nataka kufa.

Nilifika Kwashemshi na shati jipya. Isihaka alikuwa kanitangulia! Kakaa kwenye kigoda, mbali, macho chini, kimya. Nikamwonea huruma. Mama Munira akatoka, anatembea kwa mkongojo. Nikaachia: mbona bado unahema, mama, nami nimekuja na sanda?

Hakucheka mtu. Jirani akaweka jembe chini. Mama akajifunika khanga usoni, akageuka, akarudi ndani. Munira akaninong'oneza kwa hasira kwamba mama katoka hospitali juzi, na kwamba yeye Munira alishaniandikia hilo. Ni kweli. Ujumbe ulikuwa mrefu, nilisoma mwanzo tu. Isihaka hakuinua hata jicho. Mnafiki!

Jumamosi, 19 Julai
Munira kazima simu. Sijala. Bibi Mwantumu aliposikia akajipiga paji la uso. Mkwe hataniwi! Bibi kwa mjukuu, sawa. Mzigua kwa Msambaa, sawa. Mkwe unamwamkia na kuinama, hata usoni humkazii macho. Nikamuuliza kama nirudi Dar. Akasema Mama Munira ni Msambaa, nitafute mtani wao akaniombee radhi, maana mtani huwa hakataliwi. Nikamkimbilia Mdoe. Kakubali kwa jogoo mmoja. Nampenda Munira, jamani. Bila yeye sijui nitafanya nini.

Jumatatu, 21 Julai
Nimesamehewa!

Niliwekwa mlangoni, nitazame vidole vya miguu yangu. Mdoe hakubisha hodi. Akakalia kiti cha Mama Munira, akatangaza kwamba mbao za jeneza kashanunua, sasa kaja kuchukua vipimo. Akauliza mbuzi yupi ni urithi wake. Ndipo akasema huyu mjinga wa mlangoni kalelewa na magari, asamehewe. Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Akasema nirudi Jumapili, posa izungumzwe.

Munira kawasha simu. Kaandika kwamba Jumapili niseme shikamoo, kisha ninyamaze mpaka niondoke. Hii nimeisoma yote, mara mbili.

Jumanne, 22 Julai
Wasiwasi tena. Jumapili ni nafasi yangu ya mwisho, sitaki kubahatisha. Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Mimi nilitaja sanda, nikageuziwa mgongo. Mdoe kataja jeneza, kakalia kiti cha watu, kadai na mbuzi, akachekewa mpaka machozi! Kwa hiyo maneno hayakuwa na kosa. Kosa ni sauti. Yangu ilitetemeka; Mdoe anaongea kama yuko shambani anafukuza nyani. Bibi Mwantumu kauliza naumwa nini, napayuka nyuma ya jiko tangu adhuhuri.

Munira ananitaka ninyamaze. Maskini, mapenzi yanamtia woga. Kunyamaza ni kazi ya Isihaka, na kumemfikisha wapi?

Naanza na vipimo vya jeneza. Mbuzi nitamdai baada ya chai.