Nukta Tatu za Kona ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa idara ametangaza. Mzee wa chumba cha ramani anastaafu wiki ijayo, na nafasi yake itakwenda kwa mmoja wetu: mimi au Bikari. Chumba chake kina dirisha, mlango unaofungika na kiti kinachozunguka. Nina miaka kumi na moja katika ofisi hii. Kiti changu hakizunguki. Kinayumba.

Mtihani wetu ni barabara mpya. Bikari achore kona kubwa, mimi nichore mzunguko wa makutano, kisha mafaili yaende kwa mkandarasi. Ambaye kazi yake haitarudishwa, chumba ni chake.

Bikari si jina lake. Siku ya kwanza binti huyu alikuja kazini na bikari yake ya kuchorea duara mkobani, kama mtoto wa shule, nikambatiza hapo hapo. Hajawahi kulalamika. Hilo linaniudhi.

Njia yake: tao zima analiandika kwa nukta tatu. Pa kuanzia, pa katikati, pa kumalizia, pamoja na alama inayoiambia kompyuta kwamba hili ni tao, likunje mwenyewe. Basi! Uvivu mtupu. Mimi nafuata njia ya wachapakazi: vijistari vifupi vilivyonyooka, vingi, vimefuatana mpaka jicho liamini kuwa ni mviringo.

Mpango: nukta kila milimita moja. Mkuu ataona nani anatoa jasho.

Jumanne, 4 Machi

Mzunguko una upana wa mita thelathini. Duara moja limekula nukta elfu tisini na nne na ushei. Ukiongeza kingo, mistari ya njia na sehemu ya waenda kwa miguu, zimepita milioni. Kompyuta inazipanga yenyewe ukiiamuru. Mkuu nimemwambia nimezipanga kwa mkono. Alinitazama kwa muda. Heshima, nadhani.

Bikari alimaliza kona yake saa nne asubuhi. Baada ya hapo akamwagilia ua lililo kwenye kopo.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu alifungua faili langu saa tatu. Kompyuta yake ikaganda mpaka saa tano. Aliniita, akataka kujua kama nilikuwa nachora barabara au nahesabu mchanga. Nikamjibu kwamba ni usahihi. Akasema mtu anayemwaga zege kwa toroli hana shida na milimita, na kwamba nipunguze nukta kabla ya chakula cha mchana.

Amri ya kupunguza ipo. Unaiambia mstari unaruhusiwa kupotoka kiasi gani, nayo inatupa nukta zisizohitajika. Nilitaka sentimita tano. Nikaandika tano. Kumbe ilikuwa inauliza kwa mita.

Mzunguko umebaki na pembe nne.

Nilikwisha kuuchapa. Bikari ndiye aliyefika kwenye mashine kwanza. Hakucheka. Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaniuliza kwa adabu zote: kaka, hili sanduku ni la nini?

Saa kumi mlinzi wa getini aliniaga: "Kwaheri, Sanduku."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeuchora upya. Sasa ni duara. Nukta mia mbili. Hakuna aliyenipongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Bahati! Msimamizi wa mkandarasi amekuja mapema, anataka mafaili leo hii, kesho aanze kupigilia vigingi. Mkuu yuko kwenye kikao nje ya ofisi. Bikari yuko kwa daktari wa meno. Wa kukabidhi ni mimi peke yangu.

Mtambo wa msimamizi ni wa zamani. Unasoma faili la aina ya zamani tu, ambalo halijui tao ni mdudu gani. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi kwa aina hiyo lazima uamuru matao yavunjwe yawe vijistari. Usipofanya hivyo, faili linachukua zile nukta tatu na kuziunga kwa rula: mstari mmoja, halafu mwingine. Kila mtu chumbani anajua. Kuna karatasi ukutani inayokumbusha. Niliibandika mimi.

Sikuyavunja.

Mpango ni safi. Kona ya Bikari itatoka imekatwa kama kipande cha mkate. Msimamizi atarudi Jumatatu akifoka. Kazi ya Bikari itarudishwa, yangu haitarudishwa. Hakuna atakayeumia.

Nimekula mchana kwa hamu kubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne mama mkwe alimpigia simu mke wangu. Kuna wanaume wanapigilia vigingi jikoni kwake.

Nilijua barabara mpya inapita kwake. Sikuangalia inapita wapi. Kona kubwa inakizunguka kiwanja chake kama mkono ulioshika bakuli, na ukiukata mviringo kwa rula, rula inapita ndani ya bakuli. Mita nne na nusu ndani. Mstari wa kwanza umepita katikati ya jiko. Wa pili umepita kwenye banda la kuku. Kigingi cha katikati, pale penye geti, kiko mahali pake hasa.

Nilimweleza mama mkwe kwamba hicho kimoja ni sahihi kabisa. Akaniuliza kama nilitaka awe anapikia getini.

Nilimfuata msimamizi. Akasema yeye anafuata faili, hafuati sura za watu. Jiko litavunjwa Jumanne asubuhi. Jiko lenyewe alilijenga baba mkwe kwa mikono yake mwaka wa mwisho wa maisha yake, na mama mkwe hajawahi kubadilisha hata bawaba ya mlango.

Mama mkwe aliuliza nani amechora ramani hii. Nikasema ni binti mmoja pale ofisini. Kusema kweli, kona ni yeye aliyeichora.

Kukiri? Nilifikiria. Kuna dirisha. Kuna kiti kinachozunguka.

Jumapili, 9 Machi

Mpango mpya: vigingi nivihamishe mwenyewe. Msimamizi hafanyi kazi Jumapili.

Ili kuchora tao chini unahitaji kitovu na kamba. Kitovu cha kona hii kiko mita sitini kutoka ukingoni. Nilipima kwa hatua. Kimeangukia kwenye choo cha jirani, na jirani alikuwa ndani. Kamba ya kuanikia nguo ya mama mkwe ina mita kumi na mbili.

Nikatumia jicho.

Mama mkwe alitoa kiti, akakaa kivulini, akashika usukani. "Sogeza, baba. Sogeza tena. Hapo umerudi jikoni! We unapima au unacheza ngoma?" Mke wangu alishika nyundo. Tulipomaliza, vigingi vilikuwa vimeliokoa jiko, vimeliokoa banda, na vimempa mama mkwe nusu ya barabara.

Alinishukuru. Mara ya kwanza tangu harusi. Nilipewa maji ya kunywa kwenye glasi ya wageni.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao saa tatu. Msimamizi aliingia bila kubisha, vigingi sita kwapani. Akasema faili linasema hivi, vigingi vinasema vile, na mama mwenye nyumba anajisifu barabara nzima kwamba mkwe wake, mkubwa wa ramani, ndiye aliyekuja kurekebisha.

Watu wote wakanigeukia. Walikuwa wanne, lakini walionekana wengi.

Nilishauri tuanze na chanzo cha tatizo. Kona ilichorwa na Bikari.

Bikari alifungua kazi yake. Tao safi, limekaa. Akafungua faili alilopewa msimamizi. Rula mbili. Faili hutunza jina la aliyelihifadhi na saa yake. Sikujua kwamba kuna mtu huwa anasoma hapo. Jina langu. Ijumaa, saa nne na dakika kumi.

Mkuu alikwenda ukutani akaisoma ile karatasi kwa sauti, tangu mwanzo mpaka sahihi yangu. Kisha akauliza kama nilisahau. Nikasema ndiyo, nilisahau. Akasema basi hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyonayo, na kwamba nisiongeze kitu.

Bikari alilivunja tao liwe vijistari ishirini na vinne, akahifadhi, akamkabidhi msimamizi. Dakika sita. Msimamizi akauliza kosa lililobaki ni kiasi gani. Bikari akaonyesha vidole viwili vilivyobanana. Akasema huo ndio upana wake, tena pale linapozidi, na jiko litavumilia. Hakunitazama alipokuwa akisema. Afadhali angenitazama.

Jumatano, 12 Machi

Jiko liko salama. Vigingi vimepigiliwa upya jana, kimoja kimoja, Bikari akiwa amesimama pale na karatasi yake. Alirudi ofisini na kuku hai na trei ya mayai. Zawadi za mama mkwe. Miaka tisa ya ndoa, sijapata yai.

Mama mkwe anamwita Bikari "mwanangu". Mke wangu anasema mama yake amemuuliza, bila ubaya wowote, kama yule binti ana kaka ambaye hajaoa. Nikamuuliza kaka huyo ni wa nini. Mke wangu akasema ni swali tu.

Mama mkwe alipiga simu jioni. Nilipopokea alisema: "Ah, Sanduku. Nipe mwanangu niongee naye." Sijui nani amemwambia.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba amepewa Bikari. Nilipita mlangoni. Alikizungusha kiti mara moja tu, kuelekea dirishani, akamwagilia ua lake. Kiti kama kile na hakizungushwi!

Aliniita ndani. Nilitegemea ngumi. Akanipa kazi: njia ya miguu kandokando ya mto, mikunjo kumi na minane, chini ya uangalizi wake. Akasema kaka, vunja matao kabla ya kuhifadhi. Nikasema bila shaka. Akasema karatasi iko ukutani. Nikasema naijua hiyo karatasi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua jambo. Mkunjo wa saba wa mto unapita nyuma ya nyumba ya Mkuu.

Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu la wiki iliyopita halikuwa rula. Rula ilifanya kazi vizuri sana. Kosa lilikuwa ni nyumba ya nani. Nyumba ikiwa ndani ya mkunjo, rula inaila. Ikiwa nje ya mkunjo, rula inasogea mbali na kiwanja kinakua. Mkunjo wa saba ukiachwa na nukta tatu, Mkuu anajipatia mita tatu za bustani bila kuomba. Hatajua aliyemfanyia. Nitamwambia.

Bikari alikuwa kwa daktari wa meno tena. Nimevunja matao kumi na saba, la saba nimeliacha. Nimehifadhi kwa aina ya zamani. Nimempelekea msimamizi saa tisa na nusu.

Jumatatu nitaangalia nyumba ya Mkuu iko upande gani.