Binti wa Soli na Ndoo ya Mama Povu

Dokta hajawahi kumtibu hata kuku. Jina alilipata kwa sababu ya miwani yake na kwa jinsi anavyosoma gazeti, polepole, kama anakupa majibu ya vipimo. Ijumaa iliyopita, saa tisa na robo alasiri, tulikuwa kwenye benchi la Soli, fundi viatu, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Dokta akalikunjua gazeti na kukohoa.

"Sikilizeni nyote. Dirisha la maombi ya vyuo vikuu linafungwa leo saa kumi kamili. Atakayechelewa asubiri mwakani."

Soli alikuwa na misumari mdomoni. Aliitema yote kiganjani.

"Usinikumbushe. Mwanangu kachagua Kemia."

"Kemia!" Dokta akavua miwani. "Ile ya kuchanganya vitu mpaka vilipuke?"

"Hiyo hiyo."

"Soli, hama mapema. Usingoje bati liruke."

"Nilimwambia achukue Sheria," Soli akasema. "Mwanasheria ukikutana naye njiani unamjua, ana tai. Mkemia utamjuaje?"

"Hana nyusi," nikasema. Mimi ni kinyozi, banda langu limepakana na la Soli, wananiita Wembe. Mambo ya nyusi nayajua.

Mama Povu alicheka hadi kahawa ikampalia. Yeye hutengeneza sabuni ya maji kwenye ndoo kubwa nyuma ya benchi letu, na siku hiyo alikuwa akikoroga tangu asubuhi, uso umemkunjamana.

"Sasa umeamuaje?" akauliza akijifuta machozi.

"Nimeamua hivi. Fomu haiendi bila namba ya kuthibitisha. Namba imekuja kwenye simu yangu. Na simu," Soli akajipigapiga mfuko wa nyuma, "nimeikalia."

Kweli alikuwa ameikalia. Tulikuwa bado tunamcheka, mara binti yake akatokea mbio, simu yake mkononi, anahema.

"Shikamooni."

"Marahaba, mama wa milipuko!" Dokta akajibu.

"Baba, namba imeingia?"

"Imeingia. Haitoki."

Binti akasimama mbele yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na machozi yalishaanza kumlengalenga, ila sauti ilikuwa imara.

"Baba, zimebaki dakika arobaini."

"Zinatosha kabisa kubadilisha uandike Sheria."

Dokta akaingilia kati, maana hajui kukaa pembeni. "Mwanangu, sisi tunakushauri kama wazazi. Kemia ni kukariri lile jedwali refu tu. Utakariri mpaka usahau jina la mama yako."

"Baba mdogo, jedwali tunapewa hata kwenye mtihani. Nimeongea na dada mmoja wa mwaka wa tatu, hakunificha kitu. Kasema hesabu ni nyingi, na anayezikimbia hesabu asiguse Kemia. Maabara unasimama saa nne mfululizo, ripoti ikiwa mbovu unairudia. Akaniambia nisichague chuo kabla sijauliza kama maabara yao ina vifaa, na wanafunzi wanakwenda kujifunza kazi wapi. Nimepiga simu, nimeuliza."

"Na ajira?" Soli akamkatiza.

"Kuna kupima maji ya kunywa. Kuna viwanda vya dawa, vya rangi, vya vyakula. Kuna kufundisha. Hakuna aliyeniahidi, baba. Lakini hata kwa Sheria, wewe nani kakuahidi?"

Soli akaokota kiatu, akaanza kukigonga mahali pasipo na msumari.

"Umepigwa bao," Dokta akasema.

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Wa anayeshinda."

Mama Povu akaugonga ukingo wa ndoo kwa mwiko. "Maneno mengi! Mwanangu, njoo uniambie hii imepatwa na nini. Niliweka chumvi ikawa nzito, safi kabisa. Nikasema niongeze iwe nzito zaidi, ikalegea. Nikaongeza tena, ndiyo kwanza imekuwa kama mchuzi uliopikwa kwa hasira. Sasa nataka kuimalizia pakiti yote."

"Usimalizie!" Binti alishika mwiko. "Shangazi, chumvi imezidi. Weka maji."

Mama Povu akachungulia ndani ya ndoo.

"Maji?" Mama Povu akauliza. "Kwenye kitu kilichokwisha kuwa maji?"

Tulilipuka sisi kabla ya Kemia. Dokta alicheka akaanguka kutoka kwenye benchi, gazeti upande, miwani upande. Soli akaiona nafasi yake.

"Haya! Ukiifanya iwe nzito kwa kuongeza maji, namba nakupa. Ikikataa, Sheria. Hawa ni mashahidi."

Binti akatazama saa. "Sawa. Ila tunaanza na kikombe. Hatuchezei ndoo nzima ya mtu."

Akachota sabuni kikombe kimoja, akaongeza kijiko cha maji, akakoroga. Sabuni bado maji matupu.

"Chumvi inazifanya chembe za sabuni zikumbatiane," alieleza akikoroga. "Ndiyo uzito unakuja. Ikizidi zinaachana. Tunaipunguza makali."

Kijiko cha pili. Hakuna kitu.

"Mheshimiwa wakili, karibu mahakamani," Dokta akasema kutoka chini.

Kijiko cha tatu. Akakoroga taratibu, na mimi niliyekuwa karibu niliona kijiko kikianza kusita. Akakiinua. Sabuni ikashuka kwa uvivu, nzito, inavutika kama asali.

Mama Povu alipiga ukelele uliomtoa bandani mteja niliyemwacha ananisubiri na nusu ya ndevu zake. Soli akainama, akachovya kidole, akakinusa, halafu, sijui nani alimtuma, akakilamba.

"Puh! Chumvi kweli imezidi!" Akatema mara tatu, akanyanyuka, akaichomoa simu. "Andika. Nne... saba... hii ni sita au nane? Dokta, miwani!"

"Sijui imeangukia wapi!"

"Ni nane," nikasema.

"Imekataa!" Binti akapiga kelele. "Namba imeisha muda! Naomba nyingine!"

Saa kumi kasoro dakika nne. Tulisimama wote tumeizunguka simu ya Soli kama inajifungua. Ikalia. Soli akasoma tarakimu kwa sauti ya mwadhini aliyechelewa. Binti akaandika, akabonyeza, akafumba macho.

"Maombi yako yamepokelewa."

Soli alimnyanyua mwanawe juu kwa mikono iliyojaa rangi ya viatu, akampaka mgongo mzima. "Mkemia wangu!" alimwambia mwenye mkokoteni aliyekuwa anapita, ambaye hakuwa ameuliza.

Tulipotulia, Dokta alikuwa amekaa tena chini, miwani mkononi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hao watu wa chuo, umri wanaangalia?"

Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Kemia niliongoza darasa zima," akasema. "Cheti ninacho. Baadaye mambo yakawa mengi tu."

Miaka kumi na miwili tunakaa naye benchi moja, hakuna aliyekuwa anajua. Binti akachuchumaa mbele yake.

"Wanaangalia cheti, baba mdogo. Dirisha litafunguliwa tena mwakani. Vitabu vyangu nakuletea kesho."

"Lete cha hesabu kwanza. Na nikishindwa, msimwambie mtu."

"Tumwambie nani?" Soli akamuuliza. "Mtaa mzima umesimama hapa unakusikiliza."