Kuna Kusikia na Kusikia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimesifiwa! Daktari wa Nafsi amesema mbele ya ofisi nzima kwamba tafsiri yangu ya kipimo chake cha akili ni safi. Alisema akitabasamu. Mama huyu hutabasamu muda wote, hata anapomwandikia mtu vidonge, ndiyo maana namwogopa kuliko Meneja anayefoka. Mtu anayefoka unajua amefikia wapi.

Ni kiwanda chetu cha mablanketi kilichomwita kutoka ng'ambo aje kupima akili zetu sote, wa zamani na wanaoomba kazi. Maswali yalikuja kwa lugha ya kwao. Mimi, karani wa ofisi ya utumishi, nikajitolea kuyatafsiri kabla Sekretari hajafungua mdomo. Sekretari anakitamani cheo cha Mkalimani Mkuu. Cheo chenyewe bado hakipo, lakini siku kikiwepo kisije kikaenda kwake.

Kuna jambo dogo tu linaninyima raha. Daktari alitaka mtu wa pili, ambaye hajaona maswali ya asili, ayarudishe maswali yangu kwenye lugha ya kwao, kisha yalinganishwe. Mtu wa pili wa nini? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi nikamtunga. Nikamwita Mwalimu Mstaafu, nikamwandikia kwa mkono wa kushoto, nikampa sahihi yenye mikia. Yakalingana neno kwa neno! Daktari alisema hajawahi kuona watu wawili wanaopatana hivyo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Swali moja linanasa watu wengi. Ni lile linalouliza kama mtu anasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii. Niliona limekaa kavu, nikalitia nakshi: "Je, unasikia vitu mwilini au kichwani ambavyo wengine hawavisikii?" Likapendeza. Anayejibu ndiyo anapelekwa wodi ya akili, anapewa vidonge, anarudishwa nyumbani. Wa kwanza alikuwa Fundi Mitambo, jirani yetu. Sasa anashinda barazani kwake amelala, mdomo wazi. Nampita upesi. Sikujua kama maskini anasikia sauti. Kweli usilolijua ni usiku wa kiza.

Kesho zamu ya Mama Mkwe. Ameomba ulezi katika chumba cha watoto wa wafanyakazi. Akiupata atapewa na chumba cha kulala, atahama kwetu. Naomba apate. Naomba sana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mama Mkwe amejibu ndiyo! Lile lile swali!

Daktari ameniita, akatabasamu, akasema ulezi hauwezekani na Ijumaa gari la hospitali litamfuata. Nilirudi nyumbani. Kwanza nikaficha visu. Halafu nikasimama mlangoni, mguu mmoja nje, nikamuuliza kwa adabu hizo sauti huwa zinasema nini.

Mama Mkwe akauliza sauti gani. Nikamkumbusha swali. Akacheka. Akasema mtu wa umri wake atakosaje kusikia? Anasikia magoti, anasikia mgongo, asubuhi anasikia baridi kwenye mifupa, na hayo mwingine atayasikiaje na mgongo si wake? Akaniuliza kwani mimi sisikii kitu. Nasikia. Nilisikia tumbo likinikata pale pale.

Neno! Mwenye kipimo aliuliza habari za masikio. Mimi nikaongeza "mwilini", kwa ajili ya uzuri. Nani hasikii kitu mwilini? Maiti peke yake! Na Fundi Mitambo, kila mtu anajua ana mgongo mbovu.

Mke wangu alipopata habari za gari hakupiga kelele. Alisema taratibu kwamba mama yake akipandishwa gari lile, yeye naye anafunga mizigo. Tena nifanye kitu, kwa sababu karatasi hizo zinapitia mikononi mwangu. Hajui zimepita kiasi gani. Nimerudisha visu jikoni.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamka na uamuzi: ukweli. Kusema ukweli si kufa.

Nimegonga mlango wa Daktari. Akatabasamu. Nikaomba pini. Nikarudi mezani, nikajilaumu, nikaenda tena. Nikaomba gundi. Mara ya tatu nikaomba rula. Sekretari akaniuliza kama nafungua duka.

Naogopa. Sina la kuficha hapa, naogopa. Nikisema neno lilikosewa, ataniuliza ilikuwaje Mwalimu Mstaafu asilione. Nikifika kwa Mwalimu Mstaafu nimekwisha. Kazi itakwenda, nyumba itakwenda, mke atakwenda, na Sekretari atakalia kiti changu kikiwa bado na joto langu.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nimemwambia Daktari kwamba Mama Mkwe siku ile alikuwa na mafua, apimwe upya. Amekubali. Jioni nimemfundisha mama mwenyewe: kila swali ajibu hapana. Akauliza na wakimuuliza kama yeye ni mzima? Nikasema hilo halimo, yeye aseme hapana tu. Akasema kwao huo unaitwa uongo. Nikasema kwetu ofisini unaitwa mtihani. Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maangamizi.

Nilisahau maswali ya mtego! Nilisahau, na niliyatafsiri mwenyewe! Yamo humo makusudi kumkamata anayejipamba. Umewahi kusema uongo hata mara moja? Mama Mkwe: hapana. Umewahi kumkasirikia mtu? Hapana. Asubuhi ile ile alinifokea kwa kuacha bomba wazi mpaka ua ukawa bwawa. Umewahi kumsema mtu akiwa hayupo? Hapana! Sisi nyumbani hatuna burudani nyingine.

Daktari amesema mtu asiyekasirika, asiyedanganya na asiyeteta anaficha jambo zito. Hali yake sasa ni mbaya kuliko Jumanne. Vidonge vitaongezwa.

Mama Mkwe hana habari. Alitoka mle amechukia tu. Alisema hata nisingemfundisha angejibu hivyo hivyo, maana mtu mzima hakalishwi kwenye kiti na mgeni akaulizwa kama ni mwongo, kisha akasema ndiyo bibi, ni mwongo. Heshima itabaki wapi? Sikulifikiria hilo. Sijui kama ng'ambo wanalifikiria.

La kutisha zaidi ni mchana. Daktari ametandaza majibu ya watu wote mezani, anakuna kichwa. Anasema haiwezekani nusu ya kiwanda isikie sauti. Anataka kuonana na Mwalimu Mstaafu, leo, azungumze naye juu ya swali hilo.

Nikasema amefariki. Mdomo ulisema wenyewe, mimi nilikuwa nausikiliza tu.

Daktari akaacha kalamu. Akaniuliza lini. Nikasema ghafla. Akasema nimuelekeze kwa mjane. Nikasema hakuoa. Akasema basi wanafunzi wake. Nikasema wametawanyika.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefika kazini nimekuta kadi ya rambirambi imezunguka idara zote. Wameandika hata watu wa kutia rangi na wa kushona. Meneja ametusimamisha kimya kwa ajili ya marehemu. Nilifumba macho nikaogopa kuyafumbua. Sekretari akaninong'oneza kwamba kadi iko tayari, ila kuna nafasi wazi ya jina lake. Marehemu aliitwa nani? Nikasema sisi tulimwita Mwalimu tu. Akasema pole, kumbe mlizoeana sana. Yule anajua. Sijui anajua kiasi gani.

Halafu honi ikapigwa getini. Lilikuwa gari la hospitali.

Mama Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, nguo zake za kutokea, viatu vimepakwa rangi, mkoba mapajani. Mimi ndiye niliyemwambia aje. Sikumwambia anajia nini. Alidhani anakuja kuonyeshwa chumba cha watoto. Amewanunulia peremende. Alipomwona muuguzi anafungua mlango wa gari akasimama, akakung'uta nguo, akasema kumbe wanafuatwa na gari, kiwanda kina heshima hiki.

Nilitaka kukimbia. Naandika kama ilivyokuwa: nilikwisha kuangalia njia ya stoo. Lakini alinishika mkono ili nimsaidie kupanda, akauona unavyotetemeka. Akaniuliza, mwanangu, hili ni gari la wapi? Nikatazama matairi. Akauliza tena, sauti chini. Nikaona naye ameanza kutetemeka. Mama Mkwe! Mwanamke aliyemfukuza mwizi kwa ufagio!

Daktari akanitaka nimuulize kwa mara ya mwisho anasikia nini. Nikauliza. Akajibu kwamba anasikia baridi, anasikia kizunguzungu, na tangu alipoliona gari hili anasikia hofu. Kwa lugha ya kwao, nitasemaje? Nikasema anasikia kwa masikio baridi. Daktari akaniomba nirudie. Nikasema kuna kusikia na kusikia. Nikasema kusikia ni kusikia, lakini pia ni kusikia. Nikagusa sikio, nikagusa tumbo, nikagusa goti, kisha nikakaa chini kwenye kokoto na kuyatoa yote: mwilini, nakshi, mkono wa kushoto. Hata marehemu nikamfufua.

Daktari aliacha kutabasamu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Gari limerudi tupu. Mama Mkwe amekwenda moja kwa moja chumba cha watoto akagawa peremende zake. Hajaniangalia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijafukuzwa! Bado. Daktari amesema kosa ni lake pia, alipaswa kumwona mtu wa pili kwa macho yake kabla ya kumpa mtu yeyote kidonge. Lakini watu waliokwisha kupelekwa wodini kwa swali lile ni juu yangu. Niende nyumba kwa nyumba niwaambie hawakuwa na ugonjwa wowote, tulikosea sisi, na niwaombe radhi. Kwa maneno mepesi, amesema, bila nakshi.

Nyumba kwa nyumba! Wana waume, wana kaka, wengine wana mbwa. Nani atasimama mlangoni kwa Fundi Mitambo, mtu anayefungua nati kwa vidole, amwambie amelishwa vidonge bure kwa sababu karani alitaka sentensi ipendeze?

Mke wangu amesema mizigo yake iko mlangoni mpaka nimalize. Hajaifungua.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimepata njia! Sijui kwa nini haikunijia mapema. Mtu ukimwambia tulikosea, anakupiga. Ukimwambia amepona, anakushukuru. Nimeandaa Cheti cha Kupona, muhuri wa ofisi, maua pembeni.

Nimeanza na Fundi Mitambo asubuhi. Ameacha vidonge tangu juzi kwa amri ya Daktari, macho yamefunguka. Nilimkuta amekaa barazani shingo imepinda, kama anasikiliza redio ya jirani. Akaniuliza taratibu zile sauti huwa zinatokea upande gani, maana ametega sikio wiki nzima hajaambulia hata moja, na anaogopa wodini watasema hana juhudi. Nilisikia kitu kifuani, sikukipenda. Nikampa cheti upesi. Akakishika kwa mikono miwili. Akalia. Ameniombea dua mimi na wanangu ambao sijawazaa.

Mchana amerudi. Mlinzi wa getini amesoma cheti na kumkatalia kuingia kazini, akamruhusu kufika ofisini kwangu tu. Msimamizi wa mitambo naye amesoma, akasema mtu wa namna hiyo hawezi kukaribia mashine, ataumia, heri atafutiwe kazi ya kufagia. Fundi alikuwa ananiuliza kwa ishara za mikono, maana na yeye alikuwa ameanza kuamini. Nikakichukua cheti nikakisoma upya. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Mhusika hasikii tena kitu chochote, mwilini wala kichwani."

Viatu vya Daktari vilikuwa vinakuja ukumbini. Lakini safari hii sikubabaika, nimezoea. Nikavuta karatasi nyingine kabla hajafika, nikamwandikia Fundi kwamba sasa anasikia kila kitu, hata vile ambavyo wengine hawavisikii. Nikagonga muhuri, nikamwambia akimbilie getini.